Mkutano Uliofika kwenye Mengineyo

Nchi yetu haina jina. Si kwamba halikutafutwa. Kamati ya Taifa ya Jina huwa inakaa, tena inakaa sana, ila kila ikikaribia kukubaliana herufi ya kwanza chakula kinaletwa, na kwetu chakula kikishaletwa hakuna mkutano tena, kuna watu na sahani. Kwa hiyo nikisema "nchi yetu", mjue ni hiyo, na msiniulize iko upande gani wa ramani. Ramani ya darasani kwetu ilikuwa imeliwa na mchwa pale pale tulipokuwa sisi.

Mimi naitwa Sikudhani. Niliishia darasa la saba, na sasa niko jikoni kwa Anti Kulsum, mpishi wa shughuli, ambaye ndiye mwenye zabuni ya chakula katika Ukumbi wa Urafiki. Ukumbi huo ndio pekee mjini wenye paa zima, kwa hiyo vyama vyote hukutana pale kwa zamu. Jikoni kuna kidirisha cha kupitishia sahani. Nikisimama pale naona ukumbi wote, na ukumbi hauoni kitu isipokuwa sahani.

Kwanza niwaeleze utaratibu, maana nchi isiyo na jina haiwezi kukosa na utaratibu.

Zamani wananchi walilalamika kwamba kazi zinatolewa kwa undugu. Mtukufu Kiongozi alisikia kilio hicho akahuzunika hadharani, kisha akasema redioni: "Kuanzia kesho asubuhi ni marufuku mtu kuajiriwa kwa sababu ni ndugu wa fulani. Mtu ataajiriwa kwa sababu anafahamika!" Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Kesho yake ikaundwa Wizara ya Kufahamiana, na uwaziri akapewa shemeji yake Kiongozi, ambaye, kama gazeti lilivyofafanua vizuri, si ndugu wa damu.

Wizara ikasema hivi. Kila anayetafuta kazi ajiunge na vyama viwili, kimoja cha asili yake na kimoja cha fani yake. Ahudhurie Jioni za Kufahamiana. Halafu wenyeviti wa vyama vyote viwili wasimame kwenye mkutano halali, mbele ya afisa wa wizara, kila mmoja atamke: "Huyu namfahamu." Yakishatamkwa, umefahamika, nenda kaajiriwe. Yasipotamkwa, hata kama mtaa mzima unakuita kwa jina la utani, kwa serikali wewe hufahamiki.

Na ili watu wasifahamiane kupita kiasi, ikawekwa kanuni ya sambusa. Mazungumzo ya kufahamiana huanza sambusa inapong'atwa, na hukoma sambusa inapokwisha. Kuzungumza bila sambusa ni umbea. Kuzungumza kwa sambusa mbili ni undugu.

Siku kanuni hiyo ilipotangazwa, Anti Kulsum alimwombea Mtukufu Kiongozi maisha marefu, akaongeza karai.

* * *

Hetal Chudasama nilimwona mara ya kwanza mlangoni, kwenye meza ya Bwana Kapangala, afisa wa wizara. Nilimjua kwa sura, kwa sababu mama yake, Bi Ramila, ndiye aliyeshona sare yangu ya shule, na Hetal alikuwa anakaa chini ya meza ya kukatia vitambaa akichezea vifungo. Sasa alikuwa mtu mzima, amesomea uhandisi, amefaulu, na alikuwa anatafuta kazi moja tu duniani: Mhandisi wa Pampu, Mamlaka ya Maji.

Nafasi ilikuwa wazi tangu mzee wa mwisho alipostaafu. Pampu nayo ilistaafu wiki ileile. Tangu hapo mabomba ya mji wetu yalikuwa yanatoa upepo, na mimi nilikuwa nachota maji ya jikoni kisimani kwa madumu, mkono wa kulia ukawa mrefu kuliko wa kushoto.

"Jina?" akauliza Bwana Kapangala.

"Hetal Chudasama."

"Asili?"

"Mtaa wa Kinu."

"Dada yangu, Mtaa wa Kinu si asili, ni anuani. Mlifika lini?"

"Nani?"

"Nyinyi."

"Mimi nimezaliwa hapa. Mama amezaliwa hapa. Bibi amezaliwa hapa, akaolewa nyumba ya jirani."

"Hongereni sana. Mlifika lini?"

Hetal akageuka akaitazama foleni iliyokuwa nyuma yake. "Jana," akasema.

"Unaona? Si rahisi tu?" Bwana Kapangala akafurahi kweli, akamwingiza Fungu la Pili.

Nieleze kidogo. Wizara imewagawa watu wa asili ya ng'ambo mafungu mawili. Fungu la Kwanza ni wageni halisi, waliokuja na pasi za nje, ambao kazi zao huwapokea uwanja wa ndege zimeshika maua. Fungu la Pili ni wenyeji wenye majina ambayo Bwana Kapangala hawezi kuyatamka. Hawa wana chama chao, Umoja wa Wanataaluma wa Fungu la Pili, na mwenyekiti wake ni Bwana Dhirajlal Vithlani, aliyekuwa akiuza matairi mpaka magoti yakamkataza kuinama. Mtu mwema. Ana hotuba moja, lakini anaipenda kama mtoto wake.

Jioni ile Hetal alichukua sambusa yake ya dengu, akasimama katikati ya ukumbi na beji kifuani, kama walivyoelekezwa. Akaja bwana mmoja amefunga tai, kabeba sambusa yake. Wakang'ata pamoja.

"Samahani, kwenu kuna nafasi?" wakaulizana kwa sauti moja.

Akaja mwingine, naye vilevile. Ukumbi mzima ulikuwa hivyo. Wote walikuwa watafuta kazi, wamekuja kufahamiana na waajiri, na waajiri hawaji, wanaogopa watafuta kazi. Aliwahi kuja mmoja, mwenye kiwanda cha sabuni. Alipoona watu walivyo na njaa ya ajira alivua beji, akaja jikoni kunisaidia kukusanya vyombo, akaondoka salama bila kufahamika. Alifuta meza vizuri, lakini vikombe vitatu alivunja.

Hetal akaja kidirishani.

"Dada, kuna maji ya kunywa?"

"Yapo ya dumu."

Akanywa. Akaliangalia bomba letu lililokauka kama mtu anavyomwangalia mgonjwa ambaye amekatazwa kumgusa.

Anti Kulsum akamsogezea sahani. "Kula, beti, kula mwanangu. Hujafahamika, basi na kushiba nako usishibe? Mama hajambo?"

"Hajambo, Anti. Kaka Ketan ameleta tiketi."

Ketan, kaka yake, yuko nchi ya baridi, anafunga maboksi kwenye ghala. Alikuwa amemtafutia mdogo wake nafasi hapohapo, zamu ya kufunga maboksi yatakayobebwa na wale wa zamu ya kubeba. Ndege ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi uliofuata.

"Na mama anasemaje?"

"Anasema niende. Anasema huku amekanyaga cherehani, hata hanitazami." Akarudisha kikombe. "Mimi nataka tu kuifungua ile pampu, nione imekwama wapi. Basi. Nikishaiona, hata wakinifukuza."

Anti Kulsum alipiga unga kofi, akaendelea kukanda.

* * *

Sasa sikilizeni walivyompenda, maana hakuna aliyemfanyia ubaya.

Mkutano uliofuata wa Fungu la Pili, viti vilikuwa vimezagaa. Hetal, kwa vile alilelewa vizuri, akavipanga. Ilipofika kuorodhesha waliohudhuria, wanataaluma wote wakajipapasa mifuko, hakuna mwenye kalamu. Hetal alikuwa nayo. Bwana Dhirajlal akasimama, macho yanamng'aa.

"Ndugu wajumbe! Chama hiki kimetafuta kwa miaka mingi mtu mwenye kalamu. Leo Mungu ametuletea. Napendekeza dada yetu, Hetalben, awe Katibu!"

Makofi. Hetal akatabasamu mpaka masikioni. Alidhani, na mimi nilidhani, kwamba mwenyekiti akishakuwa na wewe kila siku, atakufahamu upesi zaidi.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Chama cha Wahandisi, Mafundi na Wapenzi wa Mitambo. Mwenyekiti wao ni Mhandisi Lubango, mtu mnene mwenye sauti ya redio, ambaye kila wiki alikuwa anaeleza gazetini tatizo la pampu ni nini. Wiki hii ni mabadiliko ya tabianchi, wiki ijayo ni wapinzani. Pampu yenyewe hajawahi kuikaribia, kwa sababu za kitaalamu.

"Wenzetu wa Fungu la Pili wamemwamini," akanguruma, "sisi tushindwe? Katibu!"

Makofi tena. Kwa hiyo Hetal akawa Katibu wa vyama viwili, anapanga viti siku mbili kwa wiki, anaandika mihtasari, anawapigia simu wajumbe kuwakumbusha kuja kufahamiana. Hakuna mtu aliyejulikana mjini kama yeye. Akaenda kwa Bwana Kapangala, moyo mweupe.

"Mzee, naona sasa nimeshafahamika. Wenyeviti wakasimame?"

Bwana Kapangala akavua miwani. "Dada, wewe ni kiongozi. Kiongozi hawezi kufahamishwa na chama anachokiongoza. Huo si utakuwa undugu?"

"Basi najiuzulu."

"Vizuri sana. Demokrasia hiyo. Kujiuzulu kunapokelewa na mkutano mkuu, kwenye ajenda ya mwisho, Mengineyo."

Alitamka hivyo bila uovu wowote. Yeye ni afisa, na alikuwa hajui kwamba hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuifikia Mengineyo.

Mkutano kwetu unakwenda hivi. Sala ya dini ya kwanza, sala ya dini ya pili, na za wengine ili wasinung'unike. Utambulisho. Kumtambulisha aliyetambulisha. Kisha hotuba ya Mwenyekiti, ambayo mwishoni kabisa ina maneno "kwa hayo machache". Hapo ndipo mimi nafungua kidirisha. Harufu inatoka, viti vinalia, na wajumbe wanafika mezani kabla "machache" haijaisha. Wanakula, wanaomba karatasi ya foili, wanafunga za nyumbani, wanaondoka. Siwalaumu. Mtu ameacha watoto, ameacha mkwe, hawezi kurudi mikono mitupu.

Hetal alijaribu. Mara ya kwanza aliinua mkono kwenye "kwa hayo machache", mjumbe akadhani anaonyesha meza ya sambusa za mboga, akamshukuru. Mara ya pili alisimama juu ya kiti akasema, "Ndugu wajumbe, bado Mengineyo!" Bwana mmoja aliyebeba sahani mbili akamjibu kwa upole, "Mengineyo tumefunga, dada, haya hapa kwenye foili."

Akaja kidirishani. Safari hii hakuomba maji.

"Jumamosi ndiyo mkutano mkuu wa vyama vyote viwili," akasema. "Jumapili ndege. Mama ameshapanga begi. Ameweka na achari, chupa ameifunga kwa soksi."

"Umemwambia mwenyekiti wako, Dhirajbhai?" Anti Kulsum akauliza.

"Nimemwambia Anko. Akasema, 'Beti, usijali, lete suala hilo kwenye Mengineyo.'"

* * *

Jumamosi ikafika, na kisima kilikuwa kinasafishwa. Nilihangaika na madumu tangu asubuhi, nikaambiwa mwenye mkokoteni ataleta maji. Sambusa zilikuwa tayari, makarai mawili, za nyama kulia na za mboga kushoto, lakini kwa Anti Kulsum sambusa haitoki bila chai na bila maji ya kunawa. Hilo ni jina lake, na jina lake hajalichezea hata siku wizara ilipochelewesha malipo.

Ukumbi ulijaa. Bwana Kapangala aliketi mbele, na wenyeviti wawili kila mmoja upande wake. Hetal alikuwa amepanga viti. Nikamwona anavipangusa kimoja kimoja, kama mtu anayeaga.

Bwana Dhirajlal akasimama.

"Ndugu zangu, kufahamiana ni nini? Kufahamiana ni mimi kumjua yule, na yule kunijua mimi, na maendeleo yakawa katikati yetu, yanatutazama. Ndugu zangu, mtu asiyefahamika ni kama tairi lisilo na gari. Ni zuri, ni jipya, lakini linakwenda wapi?"

"Haliendi!" wakajibu. Hotuba wanaijua.

Wakati huo mlango wa nyuma ukagongwa, mwenye mkokoteni akaingiza madumu. Nikashukuru Mungu, nikaanza kuinua moja nijaze birika. Anti Kulsum alikuwa kidirishani, amekifungua ufa mdogo, anamtazama Hetal.

"Weka chini," akasema.

"Anti, maji haya hapa."

"Maji hayajafika."

"Haya hapa, Anti, kwenye dumu."

Akanigeukia. "Sikudhani. Nimesema maji hayajafika."

Mimi ni mfanyakazi. Mwajiri akisema maji hayajafika, hayajafika. Nikaketi juu ya dumu.

"...na kwa hayo machache!" akamalizia Bwana Dhirajlal.

Viti vikalia. Ukumbi mzima ukageuka kwa pamoja, ukapiga hatua, ukasimama. Kidirisha kilikuwa kimefungwa. Anti Kulsum akatoa kichwa peke yake.

"Chakula bado. Maji hayajafika. Kaeni."

Watu walitazamana. Kuondoka bila kula haiwezekani, hilo halijawahi kutokea tangu vyama vianze. Mhandisi Lubango akanong'ona, lakini sauti ni ileile ya redio: "Sasa tufanyeje?"

"Tukae," akasema Bwana Dhirajlal.

Wakakaa. Wakatazama paa, ambalo lilikuwa zima. Wakajipepea kwa karatasi za ajenda. Ndipo mama mmoja wa mstari wa mbele akaacha kujipepea, akaisogeza karatasi machoni.

"Jamani, kumbe hapa chini kuna kitu kimeandikwa."

"Wapi?"

"Hapa, mwisho. Me-ngi-ne-yo."

Karatasi zikageuzwa kote ukumbini. Bwana Dhirajlal akaisoma yake, akaisoma tena. "Mimi nilidhani ni jina la mpiga chapa," akasema.

Hetal akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwenye Mengineyo, naomba kujiuzulu ukatibu wa vyama vyote viwili."

"Hetalben!" Bwana Dhirajlal akashika meza. "Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, Anko. Kesho nina ndege. Nataka nisipande."

"Sasa kama hutaki kupanda, si usipande tu!"

"Nikae nifanye nini, Anko? Nipange viti?"

Mtu mmoja nyuma, mwenye njaa, akasema, "Tunapokea kujiuzulu!" Mwingine akaunga mkono, na ukumbi wote ukainua mikono haraka, kwa matumaini kwamba pengine kura huleta maji. Bwana Kapangala akaandika: kumepokelewa.

"Na sasa," akasema Hetal, "nawaomba wenyeviti mnifahamu."

Bwana Dhirajlal akasimama polepole, magoti yakilalamika. Akaweka mkono kifuani.

"Huyu..." akasema. Akajaribu tena. "Huyu..." Jasho likamtoka. "Hapana. Mbele ya serikali siwezi kusema uongo. Mimi namfahamu Katibu wangu. Katibu wangu namfahamu sana, hata chai yake najua haweki sukari. Lakini huyu dada aliyejiuzulu sasa hivi... tangu ajiuzulu hatujazungumza."

Nilitaka kucheka, nikamwona Hetal, nikaacha. Alikuwa amefumba macho.

Bwana Kapangala akatikisa kichwa kwa heshima. "Mwenyekiti yuko sahihi kikanuni. Mazungumzo ya ukatibu si ya kufahamiana. Inahitajika sambusa."

Ukumbi wote ukageukia kidirisha.

Anti Kulsum alivuta pumzi, akafunua karai la kushoto, akachagua moja, akaiweka katikati ya sahani kubwa ya kupokelea bahasha za harusi. "Moja tu," akasema. "Wape na kitambaa cha kufutia, wawe wamenawa. Ukiona mtu ananyoosha mkono, mpige."

Nikapita katikati ya watu wale nimebeba sambusa moja. Macho yalinifuata kama nimebeba maiti ya mtu mkubwa.

"Na mimi?" akauliza Mhandisi Lubango. "Mimi si mwenyekiti?"

"Sambusa mbili ni undugu," Bwana Kapangala akamkumbusha. "Gawaneni hiyohiyo."

"Ya nyama?"

"Ya viazi," nikamwambia. "Mwenzenu hali nyama."

Mhandisi Lubango akaitazama kwa huzuni ambayo hata pampu hakuwahi kuionea.

Ikakatwa vipande vitatu. Wakang'ata. Bwana Dhirajlal alimega kipembe kidogo sana, kama anayeogopa itakwisha.

"Kwa hiyo, beti," akasema, "wewe hasa... umesomea nini?"

Nawaambieni, alikuwa amefanya naye kazi muda wote ule, na hilo hakuwahi kumuuliza. Hapakuwa na nafasi, walikuwa na mikutano.

"Pampu za maji, Anko."

"Pampu!" Akamgeukia mwenzake. "Bwana Lubango, wewe ulijua?"

"Mimi nilidhani uhazili," akasema Mhandisi Lubango. Kisha akajiweka sawa. "Haya, kama umesomea pampu, ile ya mji ina tatizo gani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Haijafunguliwa, Mzee. Nikiifungua nitajua."

Mhandisi Lubango akasahau kutafuna. Nadhani katika maelezo yake yote gazetini, hilo halikuwahi kumjia.

Kipande cha Bwana Dhirajlal kilikuwa kimebaki ukubwa wa ukucha. Akakishika, hakukila. Akamwinamia Hetal, na kwa kuwa nilikuwa bado nimesimama pale na sahani, nikasikia.

"Sasa, beti, viti atapanga nani?"

"Jumamosi nitakuja kuwapangia, Anko," akasema. "Kama nipo."

Mzee akakitazama kile kipande. Akakiweka mdomoni, akameza. Akasimama, na safari hii magoti hayakusema kitu.

"Huyu namfahamu."

Mhandisi Lubango akasimama kwa haraka, mdomo umejaa viazi. "Hu-yu na-m-fa-ha-mu."

Bwana Kapangala akamsubiri ameze kwanza, ndipo akaandika.

Makofi yalipoanza, Anti Kulsum alifungua kidirisha chote. "Sikudhani!" akaita. "Maji yamefika!"

Nikakimbia jikoni.

* * *

Jumapili ndege iliondoka, na kiti cha Hetal kikasafiri peke yake. Achari tuliila sisi. Ketan akapiga simu akalalamika sana kuhusu tiketi, halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama Jioni za Kufahamiana bado zipo.

Pampu Hetal aliifungua siku yake ya kwanza kazini. Ndani alikuta utepe. Ule mwekundu, wa siku ya uzinduzi, ambao Mtukufu Kiongozi aliukata mwenyewe tukashangilia. Miaka yote ulikuwa unajiviringisha humo kidogo kidogo, pamoja na nusu ya mkasi. Gazeti likaandika kwamba pampu imerejea kazini kwa juhudi za Mtukufu Kiongozi, na kwamba itazinduliwa upya. Hetal aliomba kitu kimoja tu, utepe ufungwe mbali kidogo.

Sasa maji yapo. Bomba la jikoni linatoka asubuhi mpaka usiku, mikono yangu inarudi kulingana, birika linachemka mapema kabla hata sala ya pili haijaisha. Bwana Dhirajlal akisema "kwa hayo machache", chai iko tayari, sambusa ziko tayari, kidirisha kiko wazi. Na kwa sababu hiyo, tangu siku ile, hatujafika kwenye Mengineyo tena, na hakuna mtu mwingine aliyefahamika.

Kuna binti mmoja sasa, Rizwana Sumar, mfamasia. Mwezi uliopita alifika ukumbini na kalamu. Mnaweza kukisia yaliyomkuta. Amekuja kidirishani mara mbili, anauliza kama kuna maji ya kunywa, anarudisha kikombe. Mjomba wake naye amemtafutia kazi nchi ya baridi, kwenye ghala.

Juzi Bwana Dhirajlal alipita jikoni. Si kawaida yake. Akasalimia, akasifu karai, akalitazama bomba linavyomwaga.

"Sikudhani, haya maji ya siku hizi," akasema, "hayakatiki hata kidogo?"

"Hayakatiki, Mzee. Hetal hataki mchezo."

"Aah." Akakuna kidevu. "Hata Jumamosi hii, ya mkutano mkuu?"

Anti Kulsum alikuwa anakanda unga, amempa mgongo. "Nenda nyumbani, Dhirajbhai," akasema. "Kaifupishe hotuba yako, mwaka huu watu watakaa sana."

Alipoondoka nilipiga magoti nikaangalia chini ya sinki. Hetal aliwahi kunionyesha koki ya kufungia maji ilipo, nyuma ya dumu langu la zamani. Inageuka kirahisi. Nimeshaijaribu.